Pedi za breki za malori mazito: za mlimani, za foleni, na za kuacha kaunta

Lori la tani 50 likiteremka kimo cha mita 100 bila kuongeza mwendo, huzaa joto la kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji ya bombani. Upepo, matairi na breki ya injini humeza sehemu yake. Linalobaki linaingia kwenye pedi na diski, au kwenye lainingi na dramu. Gari linaloshuka Kitonga na shaba kuelekea Dar es Salaam, au linaloteremka kutoka Mau Summit kwenda Salgaa, hulipokea joto hilo mfululizo, breki zisipate nafasi ya kupoa. Gari linalosambaza saruji mjini hukanyaga breki mara nyingi zaidi kwa siku, ila kidogo kidogo, na breki zake karibu muda wote ni baridi.

Magari hayo mawili yanaweza kuwa Actros (za Mercedes) zinazofanana hadi namba ya kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, na bado pedi zake zisifanane. Ndiyo maana mteja anayeuliza "pedi nzuri ni ipi?" hawezi kujibiwa kabla muuzaji hajajua gari linapita wapi, linavuta tela gani, na diski imebaki mm ngapi.

Agiza kwa namba, si kwa jina la gari

Ekseli ya diski hutumia pedi 4. Ekseli ya dramu hutumia lainingi 8: vipande 2 kwa kila kiatu, viatu 2 kwa kila gurudumu. Kichwa cha ekseli 3 na tela la ekseli 3, vyote vikiwa vya dramu, vinataka vipande 48; vikiwa vya diski, pedi 24. Kwenye barabara zetu mchanganyiko ni jambo la kawaida, kichwa cha Ulaya chenye diski kikivuta tela la dramu, na tutaurudia chini kwa sababu ndio unaomaliza pedi nzuri kabla ya wakati.

"Nipe pedi za Actros" si agizo. Modeli moja ya lori hutoka na kalipa za aina tofauti kulingana na ekseli na mwaka. Kinachoagizwa ni namba ya WVA, tarakimu tano zilizopigwa mgongoni mwa pedi: za diski za malori huanza na 29, kwa mfano 29087 iliyo kwenye Actros nyingi, na lainingi za dramu huanza na 19. Ekseli za mtindo wa Kimarekani, zikiwemo nyingi za matela ya Kichina, hufuata namba za FMSI kama 4515 na 4707. Hizo mbili zote ni za dramu ya inchi 16.5 kwa 7, na watu huzichanganya kwa sababu hiyo. Hazibadilishani. Sugua pedi ya zamani kwa brashi ya waya usome namba. Ikiwa imeliwa na kutu, soma kibati cha kalipa au cha ekseli, kisha muuzaji atafute kwenye katalogi.

Laini na ngumu, bega kwa bega

Mafundi hugawa pedi na lainingi katika "laini" na "ngumu". Mgawanyo huo ni wa juu juu lakini una maana. Laini ni mchanganyiko wa resini, nyuzi na mpira, wenye chuma kidogo. Ngumu ni semi-metaliki: nyuzi za chuma na unga wa chuma vimeingia kwa wingi.

| | Laini | Ngumu |
|---|---|---|
| Breki ya kwanza asubuhi | Inashika mara moja | Inaweza kuwa nzito mpaka ipate joto |
| Mteremko mrefu | Hulegea mapema | Hustahimili zaidi |
| Diski au dramu | Huitunza | Huila haraka |
| Kelele | Kidogo | Husaga na kupiga mluzi |
| Sumaku | Haishiki au hushika kidogo | Hushika kwa nguvu |

Mstari wa sumaku ni wa kupima haraka dukani, na hauelezi zaidi ya wingi wa chuma ndani ya nyama ya pedi, yaani sehemu inayosuguana na diski. Usiigusishe kwenye bamba la mgongoni, maana lile ni chuma siku zote.

Kulegea kwenye mteremko kuna sababu mbili, na inafaa kuzitenganisha. Ya kwanza ni ya pedi yenyewe: resini ikizidiwa na joto huanza kuungua na kutoa gesi, gesi inakaa kati ya pedi na diski, na pedi inateleza juu yake huku dereva akizidi kukanyaga. Ya pili ni ya dramu peke yake: dramu ikipata moto hutanuka na kukimbia viatu, hivyo fimbo ya busta (chemba ya hewa inayosukuma breki) inabidi itoke zaidi ili lainingi ifike. Kama silaki (mkono wa kurekebisha breki unaosukumwa na fimbo hiyo) ilikuwa imelegea tangu asubuhi, fimbo inagonga mwisho wake, na hewa yote iliyo kwenye tangi haisaidii kitu. Lainingi ya bei kubwa hutibu sababu ya kwanza tu.

Pedi iliyowahi kuungua hivyo hurudi na uso unaong'aa kama sahani. Ikipoa haishiki tena kama mwanzo. Kuikwaruza kwa msasa humpa fundi siku chache, wala hairudishi resini iliyoungua ndani.

Kwenye ukingo wa lainingi za mtindo wa Kimarekani na nyingi za Asia kuna herufi mbili mwishoni mwa namba: FF, FE, GF na kadhalika. Herufi ya kwanza ni msuguano katika joto la kawaida, ya pili ni msuguano ikiwa moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hiyo FE inashika vizuri kituoni na kupungua mlimani: ni lainingi ya mjini, hata muuzaji akiisifu vipi. FF inashikilia kiwango kilekile. Herufi hizo hazisemi lolote kuhusu kilomita itakazokwenda, wala ubora wa kiwanda. GG haimaanishi "nzuri kuliko FF". Inamaanisha inashika kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo ikiwekwa kwenye ekseli moja tu, ekseli hiyo ndiyo itakayoungua.

Maboksi manne ya kaunta

Boksi lenye nembo ya kampuni ya lori ndilo la bei ya juu. Unacholipia hasa ni uhakika wa kulingana: wakala huingiza namba ya chasisi na kukupa pedi iliyopangiwa gari lile. Nyama ya pedi kwa kawaida hutoka kwenye viwanda vya msuguano, ambavyo huuza pedi pia kwa majina yao. Gari likiwa bado kwenye udhamini, au likiwa na mfumo wa breki wa kielektroniki unaogawa nguvu kati ya ekseli, boksi hili lina hoja.

Boksi la kiwanda cha msuguano chenyewe, kwa mfano Textar, Jurid, Beral au Ferodo, ndilo tunalopendekeza kwa magari mengi yaliyotoka kwenye udhamini. Angalizo moja: jina halitoshi. Kiwanda kimoja huwa na michanganyiko kadhaa, wa kichwa, wa tela, wa basi, na umbo linaweza kuwa lilelile. Soma namba ya mchanganyiko pembeni mwa pedi, na mara inayofuata nunua ileile.

La tatu ni boksi lenye jina usilolijua lakini pedi ina alama ya E. Hiyo ni E ndani ya duara ikifuatwa na namba ya nchi iliyotoa kibali (1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 9 Hispania, 11 Uingereza), halafu 90R, yaani kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90. Pedi ya lori yenye kibali hicho imepimwa na kuonekana haitofautiani na ya awali kwa zaidi ya asilimia 15 kwa hewa ileile. Haikupimwa itadumu kilomita ngapi. Kwetu sisi huu ndio mpaka: chini ya hapa usinunue kwa gari la mlimani. Alama iwe imepigwa au kuchapwa kwenye pedi. Ya kwenye boksi peke yake haina maana, maboksi huchapishwa popote.

La nne halina namba ya mchanganyiko, halina E, na mara nyingi lina neno moja kubwa la kuvutia. Hata likiandikwa kuwa halina asibesto, huna namna ya kulihakiki hapo dukani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku asibesto kuanzia 2005, lakini vumbi lililo ndani ya dramu ya tela la zamani linaweza kuwa nayo. Usilipulize kwa hewa ya kompresa, lilowanishe kwanza kisha ulifute.

Ukienda kununua vipuri Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, nenda na venia, kipimo cha unene. Pedi nyingi za lori za rimu ya inchi 22.5 zikiwa mpya huwa na unene wa mm 30, bamba likiwa mm 9, na hutupwa zikifika mm 11 kwa jumla. Nyama ya kutumia basi ni mm 19. Sasa, unene wa jumla ukibaki 30 lakini bamba likawa mm 11, umebakiwa na nyama ya mm 17 na umepoteza zaidi ya asilimia 10 ya maisha ya pedi bila kuona kwa macho. Pima bamba peke yake.

Halafu weka pedi mbili uso kwa uso na uziinue kwenye mwanga: mwanga ukipenya katikati, mojawapo imepinda. Pitisha ukucha kwenye mpaka wa nyama na bamba kutafuta ufa. Bonyeza kona, ikimeguka kama biskuti, rudisha. Hakikisha kuna nafasi ya waya wa sensa kama gari lako linao, na kwamba boksi lina springi na vishikio vipya, kwa sababu vya zamani vikishapikwa na joto hulegea na pedi hucheza ndani ya kalipa.

Lainingi za dramu: saizi kabla ya jina

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimya kimya. Dramu ikikerezwa, kipenyo chake kinakua. Lainingi ya kawaida ikiwekwa humo, mviringo wake ni mdogo kuliko wa dramu, hivyo inagusa katikati tu. Sehemu hiyo ndogo inabeba kazi yote, inaungua, na dramu inapata madoa ya buluu na nyufa. Baada ya wiki mbili mwenye gari analaumu lainingi. Dawa ni lainingi za saizi ya kuzidi, zinazouzwa kwa namba ileile ya umbo zikiwa nene zaidi. Pima kipenyo cha dramu kabla ya kwenda dukani. Kikomo huandikwa kwenye dramu yenyewe. Za inchi 16.5 za Kimarekani hutupwa zikifika inchi 16.62, yaani mm 422. Ikivuka hapo hakuna lainingi ya kuiokoa.

Vipande vya kupiga ribiti mwenyewe ni vya bei nafuu kuliko viatu vilivyovishwa tayari. Tofauti ya bei ina haki pale tu fundi ana mashine ya kubana ribiti. Kwa nyundo na tindo, ribiti hukaa upande, na lainingi hubaki na nafasi chini yake. Ekseli za BPW za mm 420 kwa 180 hutumia ribiti za mm 8 kwa 15, usikubali "zinazokaribiana". Kiatu kisafishwe hadi chuma, kipimwe kama hakijapanuka mdomo, na ribiti zianze katikati kwenda kwenye ncha, la sivyo lainingi inavimba katikati kama mkate. Ukimaliza, jaribu kupitisha wembe kati ya lainingi na kiatu. Ukiingia, ng'oa. Kutu hupenya hapo hapo, huinua lainingi, na siku moja inapasuka kwenye mstari wa ribiti. Lainingi iliyolowa grisi kutoka kwenye sili ya habu nayo haioshwi kwa petroli: grisi imeshaingia ndani, itatoka tena ikipata moto.

Kichwa na tela

Mwenye gari aliyeweka pedi za daraja la juu kwenye kichwa na lainingi za bei ya chini kwenye tela amejipangia kununua pedi za kichwa kila mara. Tela lisiposhika, kichwa kinasimamisha tani zote 50. Kinyume chake nacho kina ubaya: tela lenye lainingi kali kuliko kichwa huungua, na likiwa tupu matairi yake huburuzika. Kwa hiyo linganisha ekseli zote pamoja. Ndani ya ekseli moja usichanganye kabisa. Badilisha pande zote mbili hata kama upande mmoja "bado una nyama". Ndani ya tela moja, ekseli zote 3 zivae mchanganyiko mmoja.

Kujua nani anafanya kazi, simamisha gari baada ya safari ya kawaida na upime kila habu kwa kipimajoto cha kulenga. Hutafuti namba fulani, unatafuta tofauti. Kichwa kikiwa cha moto na tela la baridi, usikimbilie lainingi: kagua kwanza hewa inayofika kwenye tela, kisha fimbo za busta. Kwa busta ya kawaida ya saizi 30, fimbo isitoke zaidi ya mm 51 kwa hewa ya bar 6 na ushei. Kwa saizi 24, mm 45. Silaki ya kujirekebisha inayohitaji kukazwa kila wiki ni mbovu, kuikaza ni kuficha.

Bei kwa kilomita

Tuseme seti ya ekseli ya bei ya chini ni shilingi 180,000 na inakwenda km 40,000. Ya kiwanda cha msuguano ni 420,000 na inakwenda km 120,000. Ufundi ni 40,000 kila mara. Ya kwanza itabadilishwa mara 3 kwa umbali uleule: 660,000. Ya pili 460,000. Weka bei zako na kilomita zako halisi. Hesabu inaweza kugeuka, hasa kwa tela linalokaa bandarini wiki nzima. Ila ongeza diski. Diski nyingi za malori huanza mm 45 na kikomo ni 37, mm 8 tu kwa maisha yake yote. Pedi inayokula mm 2 za diski kwa kila seti imeimaliza diski kwa seti 4, na kwenye magari mengi kuitoa ni kung'oa habu nzima. Ukibadilisha pedi ukakuta diski imefika 39 au chini, badilisha vyote pamoja, kwa kuwa haitafika mwisho wa pedi mpya.

Nyufa ndogo kama utando wa buibui usoni mwa diski si tatizo. Ufa unaofika ukingoni, au mfereji wenye kina kinachozidi mm 1.5, ni wa kutupa diski.

Kabla hujalaumu pedi

Pedi ya ndani ikiisha na ya nje ikabaki nene, kalipa haitelezi kwenye pini zake. Pedi ikiisha mshazari, vishikio au pini zimelika. Seti yoyote utakayoweka hapo itaisha vivyo hivyo, iwe ya bei gani.

Kwenye kalipa za Knorr, skrubu ya kurudisha pistoni haigeuzwi bila adapta yake inayokatika ikikazwa kupita kiasi, na isipewe zaidi ya Nm 25. Mekanika ya ndani ikivunjika, kalipa nzima imekwenda. Pedi mpya zikishaingia, kaza skrubu mpaka ziguse diski, irudishe milio mitatu ("klik"), halafu kanyaga breki mara 5 hadi 10 kwa bar 2 huku utingo akitazama skrubu: inatakiwa ijizungushe yenyewe kidogo kila mara. Isipozunguka, kirekebishi kimekufa. Mwisho gurudumu lizunguke kwa mkono.

Safari ya kwanza isiwe ya mteremko mrefu. Breki nyepesi ishirini hivi, kutoka km 60 kwa saa hadi 20, zikiachiwa nafasi ya kupoa katikati, huikalisha pedi kwenye diski. Pedi isiyokalia hugusa madoa machache tu, na Kitonga itayaunguza hayo.

Kwa gari lipi, lipi

Gari la shaba au mafuta la Tunduma, au la Malaba, lenye diski mbele na nyuma: pedi za kiwanda cha msuguano, mchanganyiko wa safari ndefu zenye milima, na tela livishwe lainingi za FF au zenye kiwango kama hicho. Breki ya injini au ritada (kifaa cha kupunguza mwendo bila kutumia pedi) ifanye kazi kabla ya yote. Gia ya kupandia ndiyo ya kushukia, na pedi hazikutengenezwa kuwa mbadala wake.

Gari la mjini la saruji, kokoto au takataka: laini yenye alama ya E. Ngumu hapa ni hasara, itakula diski kwa breki za baridi na kupiga kelele mtaa mzima.

Tela la kukodi linalobadilisha vichwa: lainingi ya kati, isiyo kali, yenye namba unayoweza kuipata tena, na silaki zikaguliwe kila linapobadilisha kichwa.

Na tela la zamani ambalo dramu zake zimepita kikomo au zina nyufa: bajeti yote ya lainingi za bei kubwa ipeleke kwenye dramu mpya, halafu vaa lainingi za kati zenye kibali, saizi ya kawaida.